Saa moja angani, saa nne kitini

Swali: Shikamoo mwalimu. Jana mimi na kaka yangu tumetazama filamu ya marubani wa ndege za kivita, tukabishana hadi saa saba usiku. Yeye anasema yale yote ni chumvi tupu, hakuna rubani anayeishi vile. Mimi nasema lazima kuna ukweli ndani yake, maana nimesikia marubani wenyewe wanazipenda filamu hizo. Nani kati yetu amekosea? Na wewe uliyerusha ndege hizo, maisha yenyewe yakoje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kaka yako anakushinda kwa pointi, ila asishangilie bado. Hoja yako ya mwisho ina mashiko, nitaifikia.

Kwanza ujue anayekujibu ni nani. Nimerusha ndege za kivita kwa miaka 14, nusu ya miaka hiyo nikiwa mwalimu kwenye kiti cha nyuma, na sijawahi hata siku moja kumfyatulia mtu kombora. Nikisema hivyo watu hunitazama kama seremala aliyekiri kwamba hajawahi kupigilia msumari. Lakini marubani wengi wa kivita ndivyo tulivyo. Tarehe 18 Juni 2017 rubani wa jeshi la majini la Marekani alitungua ndege ya Syria aina ya Su-22, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa rubani wa Marekani kuangusha ndege yenye mtu ndani tangu vita vya Kosovo mwaka 1999. Ni miaka 18 hiyo, tena kwa nchi ambayo karibu muda wote huo ilikuwa vitani. Mtu aliweza kuingia jeshini kijana, akaruka mpaka nywele zikaanza kuota mvi, asikutane na jambo ambalo kwenye sinema hutokea mara tatu kabla hujabadilisha mkao. Na hata siku ile ya 2017 kombora la kwanza, lile linalofuata joto la injini, lilikosa. Ikabidi afyatue la pili, la rada.

Sasa siku za rubani zinajazwa na nini? Vikao, makaratasi na simuleta, ile mashine ya kuigizia kuruka ukiwa chini. Safari ya mazoezi huchukua saa moja, saa moja na robo. Ili saa hiyo iende sawa, jana yake umekaa na wenzako mkichora mpango: nani anaingia kutoka upande gani, kwa urefu gani, redio zikikatika mnafanyaje, nani anageuka kwanza. Siku yenyewe kuna kikao cha kabla ya kuruka, nacho huanza kwa dakika iliyoandikwa. Mlango ukifungwa wewe uko nje, leo huruki. Ukitoka hapo unavaa, unaizunguka ndege ukiikagua kwa macho na kwa mkono, unawasha, unakagua tena, unaruka. Ukitua, shati limeganda mgongoni kwa jasho, unaingia kwenye kikao cha marejeo. Hicho ndicho kazi yenyewe. Saa mbili ni kidogo. Mkiwa ndege nyingi, saa nne si ajabu. Nchi za NATO kwa muda mrefu zimelenga takriban saa 180 za kuruka kwa rubani kwa mwaka, yaani kama saa tatu na nusu kwa wiki. Muda mwingine wote uko chini, umekaa, na pengine unapanga ratiba ya likizo za mafundi kwa sababu wewe ndiye ofisa mdogo kuliko wote.

Katika marejeo vyeo vinaachwa mlangoni. Mkanda wa safari nzima unachezwa: picha ya rada, kioo cha mbele, mazungumzo ya redio, na sauti yako mwenyewe ukipumua ndani ya barakoa ya oksijeni. Ngoja nikusimulie siku moja uelewe.

Nilikuwa mgeni kikosini, naruka namba mbili, yaani ubavuni mwa kiongozi. Kazi ya namba mbili ni rahisi kuieleza: usimpoteze kiongozi machoni, na ukimpoteza, sema palepale. Tukageuka kwa nguvu, jua likanipiga usoni, nilipolikwepa kiongozi simwoni. Nikanyamaza. Nikajiambia atatokea sasa hivi. Na kweli akatokea, nikaendelea kama kawaida, nikijua hakuna aliyejua.

Kwenye marejeo kiongozi aliusimamisha mkanda, akaurudisha nyuma, akazima picha na kutuambia tusikilize tu. Ikasikika pumzi yangu: ndani, nje, ndani, nje. Kisha ikakatika. Kimya. Halafu ikarudi fupifupi, kama ya mtu aliyepanda ngazi mbio. Akaitazama saa yake. “Sekunde 11,” akasema. “Ulijua lini kwamba hunioni?” Hakufoka. Akaenda ubaoni akaliandika kosa langu, na juu yake akaandika la kwake: amegeuka kuelekea jua bila kumtahadharisha namba mbili. La kwake akalipa namba moja. Kwa mwendo wa kilomita 800 kwa saa, sekunde 11 ni karibu kilomita mbili na nusu za ndege mbili kwenye anga moja, na mmoja wao hajui mwenzake yuko wapi. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini baada ya hapo, kiongozi akinipotea tu, nilikuwa nasema kabla sijamaliza kushangaa.

Mchukue sasa shujaa wa sinema umkalishe kwenye kile chumba. Huyu ndiye anayemwacha mwenzake ili akamfukuze adui peke yake, anayenguruma juu ya mnara wa waongozaji ndege kwa mzaha, anayeshuka chini ya urefu wa mwisho ulioruhusiwa kwa sababu alikuwa karibu kushinda. Kwenye mazoezi tunajiwekea sakafu ya kufikirika angani, tuseme mita 1,500 juu ya ardhi. Ukiipita, umeshakufa, hata kama uliyekuwa unamfukuza alikuwa hoi. Na yeyote, hata yule aliyeingia kikosini juzi, akitamka neno la kusimamisha zoezi, wote wanaacha hapohapo, hata mwenye nyota mabegani. Shujaa wetu angemaliza siku mbili, tatu, halafu angepelekwa kuhesabu matairi stoo. Si kwa sababu wakubwa wana wivu naye, kama sinema inavyopenda kutuaminisha. Ni kwa sababu hakuna mtu angekubali kuruka ubavuni mwake.

Shule iliyoipa jina ile filamu ya 1986, Top Gun, ipo kweli. Jeshi la majini la Marekani liliianzisha mwaka 1969 huko Miramar, California, baada ya Vietnam kuwatoa jasho. Makombora yao yalikuwa yanakosa mno, na marubani walikuwa wamefundishwa kama vile enzi za kupigana kwa karibu zimekwisha. Mwaka 1996 ikahamia Fallon, Nevada. Kombe la mshindi ambalo filamu nzima inalipigania halipo, halikuwahi kuwapo. Shule inatafuta mtu atakayerudi kikosini kwake awafundishe wengine, na mtu mwenye kiu ya makombe si mwalimu mzuri. Tena pale ukinukuu maneno ya filamu ile unatozwa faini ya dola 5. Nimecheka sana niliposikia mara ya kwanza, maana nasi tulikuwa na kopo la faini kwa ajili hiyohiyo.

Kuhusu mapambano yenyewe, mpe kaka yako pointi nyingine. Kwenye sinema ndege zinabanana hadi unasoma namba ubavuni. Katika kazi, hata mwenzako wa upande wako anaweza kuwa kilomita mbili au tatu kutoka ulipo, doa tu kwenye anga, na adui ni alama ya kijani kwenye kioo cha rada, yuko kilomita makumi kadhaa mbele. Unafyatua, unageuka, unahesabu sekunde, unaondoka. Wengi walioangushwa angani hawakumwona aliyewaangusha. Simlaumu mwongozaji filamu kwa hili. Doa haliwezi kuigiza. Hata barakoa ndiyo maana waigizaji huivua kila mara, kwani ukiivaa na kushusha kioo cha helmeti, mamilioni aliyolipwa yule nyota yanafichwa na mpira mweusi. Sisi hatuivui.

Na redioni hakuna kelele. Hili wengi hawaliamini. Kadiri hali inavyokuwa mbaya ndivyo maneno yanavyokuwa machache na sauti inavyokuwa ya kuchosha. Yale maneno ya “Fox Two” na “Fox Three” ni ya kweli, ni msimbo wa aina ya kombora: Two ni la kufuata joto, Three ni lenye rada yake mwenyewe. Filamu nyingi huyatumia vizuri. Zinachokosea ni kuyapigia kelele.

Mwili, sasa. Hapa sinema inadanganya kuliko mahali pengine popote, na inadanganya kwa kupunguza chumvi, si kwa kuongeza. Ukigeuza ndege kwa 9 G, kila kilo inakuwa kilo tisa. Kichwa na helmeti, tuseme kilo 7, vinakuwa kilo 63 juu ya shingo, nawe unataka kuigeuza shingo hiyohiyo utazame nyuma ya mkia. Damu inakimbilia miguuni. Rangi zinafifia, dunia inakuwa ya kijivu. Kisha pembeni panaziba, unaona kama unachungulia ndani ya bomba. Kisha giza, ingawa masikio bado yanasikia. Kisha huna habari.

Unapambana nalo kwa nguvu zako. Suruali maalumu yenye mifuko ya hewa inajaa na kukubana mapaja na tumbo, lakini hiyo inakuongezea G moja, au moja na nusu. Kinachobaki unakifanya wewe: unakaza vidole vya miguu, mashavu ya miguu, mapaja, makalio, tumbo, unajaza mapafu na kufunga koo kama mtu anayenyanyua gunia, kila baada ya sekunde tatu unatoa hewa kidogo na kuvuta nyingine upesi kabla damu haijapata nafasi ya kushuka. Ukiwahi sekunde moja au ukichelewa sekunde moja, umeharibu. Mtu wa sinema anageuka namna hii huku akitoa hotuba kuhusu marehemu baba yake. Sauti inayotoka kweli ni ya mtu anayesukuma gari lililokwama.

Kuna mkanda uliotolewa hadharani mwaka 2016, wa mwanafunzi wa ndege ya kivita aina ya F-16 aliyezimia akigeuka kwa zaidi ya 8 G. Unaisikia pumzi yake ikikazana, halafu haipo. Pua ya ndege inashuka, ardhi inaanza kujaa kioo, mwalimu kwenye ndege nyingine anamwita redioni, anamwita tena kwa sauti iliyopanda. Aliyemjibu ni kompyuta. Ndege ile ilikuwa na mtambo wa kuzuia kugonga ardhi. Ukaushika usukani, ukainua pua, na kijana akazinduka akiwa tayari anapanda. Nimewaonyesha wanafunzi wangu mkanda ule mara nyingi kuliko filamu yoyote.

Ukikutana na rubani mstaafu, hatakusimulia habari za adui. Atakusimulia habari za shingo na kiuno. Mimi nikirudisha gari nyuma nageuza mwili mzima, kama bundi aliyesahau kazi yake.

Kiti cha kufyatuka nacho kina hadithi yake. Sinema: anavuta kamba, parachuti linafunguka, jioni yuko baa na plasta kwenye paji la uso. Kiti kile kinakurusha nje ya ndege kwa baruti na roketi, na nguvu inayoupanda uti wa mgongo kwa kufumba na kufumbua inaweza kuvunja pingili. Wapo walioruka salama wakapona, wapo ambao hawakukaa tena kwenye kiti cha rubani. Hata hivyo hakuna rubani utakayemsikia akikilaani. Jo Lancaster, Mwingereza, alijiokoa kwa kiti cha Martin-Baker tarehe 30 Mei 1949, wa kwanza kufanya hivyo katika dharura kwa viti vya kampuni hiyo, na tangu hapo viti vyao vimeokoa watu zaidi ya 7,000.

Na kwenye jambo hili niitendee haki ile filamu ya 1986. Tukio lake la ndege kuzunguka bapa kama jani, injini zimezima, halikuzuliwa. Ndege aina ya F-14 za wakati ule zilikuwa na injini zilizokuwa zinakwama hewa ikivurugika mbele yake, na mzunguko wa namna ile ulikuwa unaua. Rubani Art Scholl, bingwa wa michezo ya angani, aliruka na kamera ili kupiga picha za mzunguko kwa ajili ya filamu hiyo mwaka 1985. Ndege yake ilizunguka ikaingia bahari ya Pasifiki. Yeye na ndege hawakupatikana. Filamu wameiweka kwa kumbukumbu yake.

Kutua kwenye manowari ya kubeba ndege sikuwahi, nimeyapata kwa wenzangu wa majini, kwa hiyo nitasema kidogo. Magurudumu yakigusa sitaha, rubani hapunguzi moto. Anausukuma wote mbele, kana kwamba anaruka. Sababu ni kwamba ndoano ya mkia ikikosa waya zote zilizotandazwa sitahani kuisimamisha ndege, nne, au tatu kwenye baadhi ya manowari, inabidi awe na mwendo wa kuondoka tena kabla sitaha haijaisha. Akiikamata, anasimama ndani ya sekunde mbili hivi na macho yanataka kutoka. Kila kutua kunapewa alama na maofisa waliosimama pembeni, na alama zinabandikwa ukutani wote wazione. Vipimo vya mapigo ya moyo vilivyochukuliwa kwa marubani wa majini wakati wa Vietnam vilionyesha moyo unakwenda mbio zaidi wakati wa kutua manowarini kuliko wakati wa kushambulia. Usiku, bahari ikichafuka, sinema haina haja ya kuongeza adui.

Mafuta. Hapa ndipo mimi hushindwa kuendelea kutazama. F-16 inabeba kama kilo 3,200 za mafuta ndani ya mwili wake. Ukiuwasha ule moto wa nyuma, yaani ukimwaga mafuta moja kwa moja kwenye gesi ya moto inayotoka kwenye injini, karibu na ardhi unaweza kuyamaliza yote chini ya dakika kumi. Ndiyo maana tunasemezana habari za mafuta kutwa. Kuna kiwango ukikifikia unatangaza ili wenzako waanze kujipanga, na kuna kingine, tunakiita “bingo”, ukikifikia unarudi nyumbani, hata kama adui yuko mbele yako anakupungia mkono. Kwenye sinema moto wa nyuma unawaka toka mwanzo hadi mwisho na hakuna anayeangalia geji.

Majina ya utani tunayo, ila sahau yale ya kutisha. Jina hujipi. Unapewa na wenzako, mara nyingi kutokana na upuuzi uliofanya au jinsi jina la baba yako linavyosikika vibaya, na ukilikataa ndiyo umelithibitisha. La kwangu sikuambii. Haja ndogo tunaimaliza kwenye mfuko wenye sponji ndani, umefungwa mikanda, umevaa nguo tatu, mkono mmoja kwenye usukani, kwa safari zinazoweza kufika saa saba au nane. Sinema haijawahi kuonyesha, na ninaielewa.

Haya, sasa zamu yako. Kwa nini basi tunazipenda? Kwa sababu kuna vitu ambavyo kamera inavipata na maneno yetu hayavipati. Ile ya 1986 inaanza na wafanyakazi wa sitaha alfajiri, mvuke unapanda, mikono inaashiria, ndege zinatetemeka, na hakuna mtu anayesema neno. Hivyo ndivyo ilivyo. Katika ile ya 2022, Top Gun: Maverick, waigizaji walikalishwa kiti cha nyuma cha ndege ya F/A-18F, marubani wa jeshi wakirusha mbele, kwa hiyo mashavu unayoyaona yakivutwa chini yanavutwa kweli. Mke wangu, ambaye kwa miaka yote hiyo nilishindwa kumweleza nilikuwa nafanya nini, aliishika mikono ya kiti chake akaniuliza kwa sauti ndogo: “Ndiyo hivi?” Nikamwambia ndiyo hivi.

Tulikuwa sita siku hiyo, wastaafu watupu, tumeketi safu moja. Tulipotoka mmoja wetu aliuliza kwenye ngazi: katika lile shambulio la mwisho, nani alikuwa anahesabu mafuta? Tukasimama palepale. Mmoja akaanza kugeuza kwa viganja vyake viwili, hiki kiongozi, hiki namba mbili. Mwingine akamkatiza kwamba kona ile imeingiliwa mapema. Wa tatu akataka turudi nyuma kidogo, hadi pale walipovuka daraja. Wake zetu walikwenda kutusubiri kwenye magari.